Vyumba Kumi na Viwili, Leseni Kumi

Karani wa kliniki aliponiuliza kwa mara ya nne, "Mama, mtoto amewahi kutibiwa hapa?" niligeuka, nikaenda ukutani, nikalibandua tangazo lao. Walikuwa wamelibandika kwa selotepu pande zote nne, kwa hivyo lilitoka na rangi ya ukuta. Akina mama kwenye benchi wakageuka kunitazama. Karani akasema nitaulipia huo ukuta. Nikamwambia aliandike deni hilo kwenye kompyuta yao, tuone kama litakaa.

Imani, mwanangu, alikuwa mgongoni. Ana miaka minne na ni mzito. Ni katika kliniki hiyo hapa Kayole alikopimwa tangu ana wiki sita, na ni hapo alipoanguka kifafa mara ya kwanza, mbele ya nesi mwenyewe. Daktari aliyekuwepo wakati huo alibadilisha dawa mara tatu mpaka tukapata inayomtuliza. Yote yaliandikwa kwenye kompyuta. Sasa hakuna kitu. Daktari huyo amehama nchi. Wa sasa ni kijana mpole, anataka kumwongezea dawa ya pili kwa sababu ile moja haitoshi tena, na kila tukikaa naye huniuliza jambo lilelile: ile dawa iliyomfanya atoke upele mpaka ndani ya mdomo ilikuwa inaitwaje? Anasema asipojua jina hathubutu kuandika lolote, asije akaandika ileile, na upele wa aina hiyo ukirudi mara ya pili unaweza kuua. Mimi jina silijui. Najua vidonge vilikuwa vyeupe. Vidonge vyote ni vyeupe.

Tangazo lilisema kwamba rekodi za watoto zilipotea kutokana na uzembe wa aliyekuwa mtunza mitambo, ambaye hayuko nasi tena. Mtu akilisoma haraka atadhani amekufa. Hajakufa. Namjua. Aliishi mlango unaotazamana na wangu kwa miaka minne na zaidi, na nilipolikunja tangazo lile na kulitia kwenye begi nilikuwa natafuta kichwa cha kuvunja, na chake ndicho kilichokuwa karibu.

Ploti nzima, jengo letu la vyumba vya kupanga, ilimwita Mzee wa Mitambo. Jina la kitambulisho nililiona mara moja na sitaliandika. Kliniki haikulihitaji ili imlaumu, na mimi silihitaji ili nimweleze. Hata huo uzee tulimpa sisi. Alikuwa na mvi za pembeni na mwendo wa mtu aliyebeba kitu kinachomwagika, basi. Mashati ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Kila kitu chake kilikuwa na mwenzake: funguo mbili, tochi mbili, laini mbili za simu, vikombe viwili vya bati juu ya misumari miwili. Kikombe cha pili sikuwahi kukiona kimelowa.

Mke wake alikuwa nyumbani, upande wa Busia. Walizungumza Jumapili baada ya kanisa, kanisa ambalo yeye hakwenda, ingawa alipiga pasi shati kama anayekwenda. Aliiweka simu juu ya stuli mlango ukiwa wazi, akainama, akajibu "ndiyo" na "sawa" na "nitaangalia". Simu ikishakatika alibaki amekaa na shati lake la pasi mpaka saa kumi, halafu alilivua akalitungika kwa ajili ya Jumatatu.

Mimi nilihamia pale nikiwa na mimba ya miezi minane na mwanamume aliyesema anaenda Mombasa kutafuta kazi. Bado anatafuta. Basi tulikuwa watu wawili wapweke na korido katikati, na nasema mapema kabla mtu hajaanza kucheka: hapakuwa na lolote. Kuna wiki zilipita yeye ndiye mtu mzima pekee aliyenisalimia. Salamu zenyewe zilikuwa za ajabu. Ukimwuliza "Mzee, sasa?" alikujibu kwa hali ya mashine zake za kliniki: "Kumi na mbili ziko juu." Watoto wa ploti waliishika hiyo. Wakikutana kwenye ngazi mmoja anasema niaje, mwingine anajibu kumi na mbili ziko juu, bila kujua kumi na mbili ni nini.

Swali lake lilikuwa moja na alimwuliza kila mtu, hata aliyekuwa na msiba. "Unarudi siku gani?" Alimaanisha hivi: kitu chako kikiharibika sasa hivi, una nakala ya lini ya kuanzia? Ya jana, ya mwezi jana, au huna? Alimwuliza mtunza ploti kuhusu daftari la kodi, naye akamwambia aende zake, na wiki hiyohiyo daftari likalowa maji ya paa. Mzee wa Mitambo alikuwa ameshapiga picha kila ukurasa. Alimwuliza Mama Brayo wa ghorofa ya pili baada ya simu yake kunyakuliwa hapo Spine Road, simu iliyokuwa na picha zote za marehemu mumewe. Mama Brayo alitaka kumpiga kofi. Kesho yake Mzee akamletea picha ishirini na moja kwenye bahasha. Kumbe alipomtengenezea simu hiyo miezi iliyopita alizitoa nakala, bila kumwomba. Mama Brayo alilia, akamshukuru, halafu akakaa mwezi mzima hamwongeleshi, akisema mtu gani huyu anaingia ndani ya simu ya mwanamke na kuchukua anachotaka. Wote wawili walikuwa na haki, ukiniuliza.

Pia alikuwa na sheria kwamba nakala isilale nyumba moja na mwenzake. Ndiyo maana alinipa kopo lake la maziwa ya unga nilitunze, ndani yake mkiwa na ufunguo, nakala ya kitambulisho na karatasi yenye namba za simu, na yeye akachukua langu lenye nakala ya cheti cha kuzaliwa cha Imani. Chumvi hakukopesha. Ukimwomba chumvi alikuambia kibanda kiko wazi. Lakini karatasi zako angezilalia usiku kama mayai.

Maji, sasa. Kwetu hufunguliwa Jumanne na Ijumaa, mfereji mmoja kwa nyumba kumi na sita. Kabla yake tulipigana. Namaanisha kupigana, mitungi ikirushwa. Yeye ndiye aliyechora orodha ya zamu kwa penseli, akaibandika karibu na mita ya stima, na kila mwezi akaifuta na kuipanga upya ili aliyekuwa wa mwisho awe wa kwanza. Hakuna aliyeridhika na hakuna aliyepigana. Juu kabisa, kwa kalamu na si kwa penseli, aliandika: nyumba yenye mtoto mchanga hairuki zamu. Nyumba hiyo ilikuwa yangu. Ilikuwa fahari yake kubwa orodha ile, kubwa kuliko kompyuta. Siku moja alinisimamisha chini ya ngazi kunieleza kwamba kugawa kitu kisichotosha ni kazi ya akili, na kwamba watu wengi hulia uhaba wakati kinachokosekana ni mpango tu. Nilikuwa na mtungi mzito mkononi. Nilimwambia sawa, Mzee.

Kazi yake nilikuja kuielewa siku nilipokuwa namenya viazi mlangoni. Nilimwuliza kliniki ndogo hivi ina mashine kumi na mbili za nini. Akanionyesha jengo letu. Akasema kule kuna chuma kimoja tu, sanduku moja kubwa kwenye chumba kilicho nyuma ya dirisha la dawa, linavuma mchana kutwa. Lakini ndani yake kwa programu wamegawa vyumba kumi na viwili, na kila chumba hujiona ni kompyuta kamili, hakijui kwamba jirani yupo. Kimoja ni cha watoto, kimoja ni cha wajawazito, kimoja ni cha stoo ya dawa, kimoja ni cha mapato, hivyo hivyo. Ndizo mashine zake. Sanduku likiungua, vyote vinaungua pamoja, kama ploti. Ndiyo sababu kuna programu nyingine, ya uokoaji, inayokaa kama askari: kila siku inabeba nakala ya kila chumba na kuipeleka mbali, ili sanduku likifa vyumba vyote viamkie kwenye sanduku jingine kama vilivyolala.

"Na huyo askari analipwa?" nilimwuliza.

"Analipwa kuliko mimi," akasema, na akacheka peke yake.

Zamani, alivyonieleza, kampuni yenye programu ilitoza kwa sanduku. Unalipa geti moja, weka ndani vyumba unavyotaka. Kisha wakabadilisha, wakaanza kutoza kwa chumba, kila chumba na leseni yake. Bei ya mwaka ya kukilinda chumba kimoja kisichoonekana ilizidi kodi yangu ya miezi miwili, na mimi chumba changu kina mlango. Nilimwambia huo ni wizi. Akasema si wizi, iko kwenye mkataba, ukurasa wa tisa.

Hapo ndipo nilipomwuliza kuhusu daftari langu. Tangu Imani aanze kushikwa nilikuwa na daftari la mistari la kurasa mia moja, naandika kila kitu: ameshikwa saa ngapi, kwa muda gani, dawa ipi, vidonge vingapi. Nesi alikuwa ameanza kunicheka kwa kulibeba. Nikamwuliza Mzee, niendelee kuandika au? Alilichukua, akalifungua, akasoma mwandiko wangu akiwa ameliweka mbali na macho. Akatabasamu. Akasema, "Pumzika, Mama Imani. Iko kwa mashine, na mashine iko kwa askari. Ukinihitaji nikurudishe, nitakurudisha jana."

Nikapumzika. Nataka msomaji aelewe kwamba ni hilo tu nililofanya. Mtu mmoja tangu mimba ile aliniambia nipumzike na nikamwamini. Daftari Imani alilichora kuku na jua mpaka likaisha, na karatasi za mwisho nikawashia jiko.

Siku ya stima nilikuwa nyumbani. Ilipotea, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena, na balbu za korido yetu zikapasuka mbili. Kule kliniki sanduku liliungua. Alikaa kule siku mbili mfululizo. Aliporudi nilimsikia akipanda ngazi polepole, na mtoto wa Mama Brayo akamwambia niaje, naye akajibu, "Tupo." Ni baadaye sana nilipokumbuka kwamba hakuwa amejibu kumi na mbili ziko juu kwa wiki kadhaa kabla ya siku hiyo. Alikuwa akisema "tupo" tu. Sikuwa nimelisikia. Nani husikiliza majibu ya salamu?

Vyumba kumi viliamka kama vilivyolala. Hata mapato ya asubuhi ile yalirudi. Cha watoto na cha meno havikurudi. Kwa meno hakuna aliyelia sana. Wiki iliyofuata kamati ya kliniki ilimwondoa kazini, na Jumamosi nilirudi kutoka sokoni nikakuta mlango wake una kufuli la mwenye ploti. Hakuniaga. Misumari miwili ilikuwa bado ukutani, niliiona kupitia dirisha. Kopo lake nilikuwa nalo mimi, na langu akaenda nalo.

Miezi iliyofuata sitaieleza sana. Nilikaa kwenye mabenchi. Kila karani alianza na jina la mtoto, na kila daktari alianza na mara ya kwanza kushikwa. Nilisimulia mpaka nikaanza kujishuku. Nikisema wiki mbili, sauti kichwani inauliza kama hazikuwa tatu. Imani alishikwa sokoni, alishikwa akiwa na mtungi wa maji mkononi, na watu wakasogea pembeni kuangalia. Jirani mpya aliyehamia kwa Mzee ni kijana wa muziki. Ananisalimia vizuri tu. Lakini orodha ya maji ilipochakaa hakuna aliyechora nyingine, na nilipoenda kulalamika kwamba nina mtoto mgonjwa wakaniambia kila mtu ana shida yake.

Kwa hivyo nilipolibandua tangazo lile nilikuwa nimeshajua nampelekea nani. Namba ilikuwa kwenye kopo.

Nilimkuta mtaa wa Njiru, Jumatano saa nne asubuhi, kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya Kangundo. Alikuwa na mashine moja ya kutoa nakala za karatasi, kiti kimoja, na shati la mikono mifupi. Alikuwa amekonda. Aliponiona alisimama, akamwangalia Imani kwanza, kisha kopo mkononi mwangu.

"Kumi na mbili ziko juu?" nikamwuliza. Nilitaka kumchoma.

"Hapa ni moja," akasema. "Na haidai leseni."

Nikampa tangazo. Alilisoma mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akafanya jambo lililonikasirisha mpaka nikataka kucheka: akalilaza juu ya kioo, akalitoa nakala, akanirudishia lenyewe.

Nikamwambia yote niliyokwenda nayo. Kwamba aliniambia niache daftari. Kwamba mtoto huyu anayemwangalia anaweza kufa kwa kidonge ambacho mama yake hajui jina. Kwamba aliondoka kama mwizi. Alinisikiliza. Mwanamke alikuja kutoa nakala ya kitambulisho, akamhudumia, akamrudishia chenji, akarudi kusimama palepale kama anayengoja kuendelea kupigwa.

Kisha akanieleza, na nitaliandika kwa kifupi kwa sababu yeye alilieleza kwa urefu. Mkataba mpya ulipokuja, leseni ziliuzwa kwa furushi la tano tano. Vyumba kumi na viwili vilihitaji mafurushi matatu. Kamati ilisema hailipi furushi zima la tano kwa ajili ya vyumba viwili, ikanunua mawili. Aliuliza kampuni kama anaweza kununua leseni mbili kwa mshahara wake mwenyewe. Hawauzi mbili. Basi alichukua penseli. Alipanga zamu, kama maji: kila wiki mbili vyumba viwili vinatoka nje, vingine viwili vinaingia, hakuna kitakachokaa bila askari muda mrefu. Kwenye mkataba huohuo kulikuwa na mstari kwamba chumba kikitolewa, programu hukiwekea nakala zake za zamani kwa siku thelathini tu, halafu inazifuta yenyewe. Aliujua mstari huo. Ndiyo maana alisema wiki mbili. Zamu ya watoto kutoka nje ilipofika, aliwatoa. Siku ya kuwarudisha, mwenyekiti wa kamati akamwambia wakaguzi wanakuja, chumba cha mapato kisitoke nje, nakala yake ibebwe mara mbili kwa siku, na zamu zisimame mpaka wakaguzi waondoke. Wakaguzi walikaa. Siku ya thelathini ilipita. Stima ilikuja na kishindo katika wiki ya tano.

"Kwenye maji uliandika kwa kalamu," nikamwambia. "Nyumba yenye mtoto hairuki zamu."

Alipangusa kioo cha mashine kwa kiganja.

"Uliandika kwa kalamu, Mzee."

"Kwenye maji kalamu ilikuwa yangu," akasema. Kisha akatikisa kichwa, kama aliyejisikia na hakupenda. "Hapana. Hilo si jibu. Kuwatoa ningeweza kuamriwa. Kunyamaza hakuna aliyeniamuru. Tulikuwa tunatazamana mlango kwa mlango, wiki tano. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia aanze daftari jipya. Halafu nakukumbuka umelishika lile la kwanza, na mimi nimetabasamu. Nikaona haya. Nikasema wiki moja zaidi, chumba kitarudi kwa askari na hatajua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu atakayejitetea.

Akavuta boksi kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na faili, na kwenye faili nikaona barua, nne, zote kwa kamati, zote zikiomba furushi la tatu, kila moja na muhuri wa kupokelewa. Hakuzitoa kunionyesha, alikuwa anazisogeza kutafuta kitu kingine. Mimi ndiye niliyezishika. Nilimwuliza kwa nini hakuzipeleka popote. Akasema alizipeleka, ndiyo muhuri huo, akanitolea nakala zake. Alichokuwa anakitafuta ni madaftari yake ya kazini, saba, yamefungwa kwa mpira.

"Alitoka upele siku gani?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Kulikuwa na mvua. Nilimgongea mlango, akanishikia mwavuli mpaka kliniki.

"Basi mimi ninayo." Alifungua la tano, akapitisha kidole. Alikuwa akiandika kila siku hali ya vyumba vyake, na chini yake, kumbe, kidogo kuhusu sisi. Akanisomea. Jumanne. Kumi na mbili ziko juu. Maji yamekuja saa tano. Mtoto wa mlango wa mbele ametoka upele, wamemwachisha dawa mpya aliyopewa Jumanne iliyopita.

Alikifunga kidole ndani ya daftari. Akasema jina la dawa hakuliandika, hakuwa na sababu. Lakini siku anayo. Na chumba cha stoo ya dawa kilikuwa na askari, kiliamka kizima. Chumba hicho hakiandiki majina ya watoto, ila kinaandika kila dawa iliyotoka na siku iliyotoka. Dawa za kifafa zinazotoka Jumanne moja kwa watoto ni za kuhesabu kwa vidole. Wafungue Jumanne ile, watoe zile ambazo Imani alishatumia bila shida, itakayobaki ndiyo hiyo.

"Kwa nini hawajafungua wao?"

"Hakuna aliyewauliza siku. Wanauliza jina." Akakiangalia kiatu chake. "Ukiomba dirishani hawatafungua. Andika barua, ipigwe muhuri. Na kosa langu liandike. Lile la kunyamaza. Usiliache ili lao lionekane kubwa."

Alinipa chai. Aliimimina kwenye kikombe cha bati, akakiangalia kidogo, akanipa, akachukua kingine yeye. Nilikunywa nikiwa bado na hasira. Imani alilala juu ya boksi la karatasi. Sikumwambia nimemsamehe kwa sababu sijamsamehe, naye hakuniomba. Tulikaa tu, watu wawili na barabara mbele yetu, mpaka kikombe kikaisha. Nilimrudishia kopo lake. Akasema nikae nalo, kwa sababu langu bado liko kwake.

Barua niliiandika kesho yake, kwa mkono, nikaipeleka kliniki, na sikuondoka dirishani mpaka walipoipiga muhuri. Ni hii.

Kwa Kamati ya Usimamizi wa Kliniki.

Yah: Malalamiko kuhusu rekodi za mtoto wangu.

Mimi ni mama wa mtoto wa miaka minne anayetibiwa kifafa kwenu tangu ana mwaka mmoja. Rekodi zake mmezipoteza. Nimekuja mara nne na mara zote nne mmeniuliza kama amewahi kutibiwa hapa.

Kwanza nataka mfungue kumbukumbu za stoo ya dawa, siku niliyoiandika nyuma ya barua hii. Ni Jumanne. Siku hiyo mtoto wangu alipewa hapa dawa iliyomfanya atoke upele mpaka mdomoni. Nipeni orodha ya dawa zote za kifafa zilizotoka siku hiyo kwa watoto, kwa maandishi, daktari aione kabla ya kumwandikia nyingine. Stoo yenu iliokoka. Najua iliokoka, msiniambie hapana. Ninaomba hili kabla ya Jumanne ijayo kwa sababu anaendelea kuanguka.

Pili, nalalamika kwamba mlikuwa na vyumba kumi na viwili na mkanunua leseni kumi, mkiwa mmeandikiwa barua nne. Nakala za barua hizo zimeambatishwa, na muhuri ni wenu. Nalalamika kwamba zamu ya kurudisha watoto ilipofika mlisimamisha zamu ili mapato yalindwe mara mbili. Bei ilikuwa kubwa, sikatai. Lakini ninyi ndio mlioamua nani akae nje, na mkaamua ni watoto. Nataka chumba cha watoto kiwe na leseni yake, kisitoke tena kwa zamu, na mama yeyote ambaye rekodi za mtoto wake hazina ulinzi aambiwe siku hiyohiyo ili aandike mwenyewe.

Tatu, nalalamika kuhusu aliyekuwa mtunza mitambo. Aliniambia niache kuandika daftari, na chumba kilipotoka nje alijua na akanyamaza wiki tano. Hilo ni kosa lake na amekubali mbele yangu. Lakini tangazo lenu linasema uzembe, na yeye hakuwa mzembe. Tangazo nimeliondoa mimi. Mkibandika jingine, andikeni na kosa lenu.

Nimeanza daftari jipya. Kila nitakachoambiwa kuhusu barua hii nitakiandika humo, pamoja na siku.

Barua hii ina nakala moja. Haiko nyumbani kwangu.

Mama Imani, Kayole.